Mhitimu wa kompyuta na kizingiti cha ajira ya kwanza

MAHAFALI yanapofanyika Juja, Nairobi, Eldoret, Maseno au Nyeri, miongoni mwa wanaovalia majoho hakukosi kundi kubwa la vijana waliosomea sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari au uhandisi wa programu. Wazazi waliouza ng'ombe au kuchukua mkopo wa sacco ili kulipa karo walifanya hivyo kwa imani kwamba taaluma hii, tofauti na nyinginezo, haina uhaba wa kazi. Miezi kadhaa baadaye, wengi wa vijana hao huwa bado wanasaga lami, kipakatalishi mgongoni, huku kila tangazo wanalolisoma likidai tajiriba ya miaka miwili au mitatu.

Hapo ndipo kitendawili kilipo. Mhitimu haajiriwi kwa kuwa hana tajiriba, na hana tajiriba kwa kuwa hajaajiriwa. Deni nalo halisubiri. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Helb, hutakiwa kisheria kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo, na anayekaidi huweza kutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi anaokosa kulipa.

Takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, zinaonyesha kuwa mwaka wa 2023 uchumi wa Kenya ulizalisha takriban nafasi 848,000 mpya za kazi. Zaidi ya 720,000 kati yazo zilikuwa za sekta ya juakali. Zilizosalia ziligombaniwa na walimu, wauguzi, wahasibu, wahandisi na kila mwenye cheti, wataalamu wa kompyuta wakiwa sehemu ndogo tu ya umati huo.

Mlango ulivyokuwa ukifungwa

Haikuwa hivi tangu awali. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, na nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za Seacom na Teams zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, Nairobi iligeuka kuwa kitovu cha ubunifu wa kiteknolojia. Ushahidi, programu iliyobuniwa Januari 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi na kuzionyesha kwenye ramani, ilipata sifa kote ulimwenguni. Machi 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa katika Barabara ya Ngong, na kijana aliyejifunza kuandika programu kwa kujaribujaribu aliweza kuketi meza moja na mwajiri wake wa kesho.

Kisa cha kampuni ya Andela ndicho kinachoeleza vizuri zaidi mambo yalivyobadilika. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa Lagos mwaka wa 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, ilikuwa ikiwachukua vijana wasio na tajiriba, ikiwafunza huku ikiwalipa, kisha ikiwakodisha kwa makampuni ya ng'ambo. Kwa mhitimu wa wakati huo, ilikuwa kama kupata chuo kikuu cha pili chenye mshahara. Lakini Septemba 2019 Andela ilitangaza kuwaachisha kazi takriban wahandisi 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa bayana: wateja walitaka wahandisi wazoefu, na wanagenzi walikuwa wamezidi kazi iliyokuwapo.

Uamuzi huo haukutokana na chuki dhidi ya vijana. Ulikuwa hesabu tu. Mwanagenzi wa programu humgharimu mwajiri mara mbili, kwanza kwa mshahara wake, pili kwa saa za mhandisi mkuu ambaye hulazimika kuacha kazi yake ili kukagua ya mwenzake. Kampuni yenye pesa nyingi huvumilia gharama hiyo ikitarajia faida ya baadaye. Kampuni iliyobanwa huikwepa.

Makampuni mengi yamebanwa. Mitaji kutoka ng'ambo ilipopungua, Kune ilifunga biashara yake ya vyakula jijini Nairobi Juni 2022, kampuni ya uchukuzi ya Sendy ikafuata mwaka wa 2023, na Mei 2024 Copia ikawekwa chini ya wasimamizi. Kila moja ilipoanguka, watu wenye tajiriba waliachwa sokoni, na hao ndio wanaogombania nafasi ambazo zamani zingemwendea aliyehitimu juzi. Ni kweli Microsoft ilifungua kituo chake cha kuunda programu jijini Nairobi Mei 2019, na Google ikatangaza chake Aprili 2022, lakini majina hayo makubwa aghalabu huwatafuta waliokwisha kuiva kazini. Faida yake kwa mwanagenzi ni ya mzunguko: mhandisi wa benki anapohamia huko, kiti chake hubaki wazi.

Kisha, Novemba 2022, ikaja ChatGPT na jamaa zake. Kazi ndogondogo ambazo mgeni ofisini alikuwa akipewa ili ajifunze, kama vile kuunda fomu, kuandika majaribio ya programu au kurekebisha kosa dogo, sasa mhandisi mzoefu anaweza kuiachia mashine na kukagua matokeo kwa dakika chache. Wapo wanaodai kwamba taaluma yote imekufa. Madai hayo yametiwa chumvi, kwani mashine haijawahi kuhudhuria mkutano wa mwaka wa sacco ikasikia wanachama wakizozania gawio. Hata hivyo, kiwango kimepanda. Anayeingia kazini leo hutarajiwa kuweza kuusoma msimbo alioandika mtu mwingine au mashine, na kusema ni wapi utaharibika.

Kazi zisizotangazwa kwa mbwembwe

Kosa la wengi ni kutuma maombi kwa makampuni kumi yale yale ambayo kila mhitimu anayajua, kisha kukaa kusubiri. Programu hazitumiwi na makampuni ya teknolojia pekee. Sacco za walimu na za matatu, hospitali za kibinafsi na za misheni, shule, kampuni za bima, viwanda vya chai, mashamba ya maua ya Naivasha na serikali 47 za kaunti zote zinaendeshwa kwa mifumo ya tarakilishi, na mingi kati ya mifumo hiyo ni mikongwe na inasumbua. Zipo pia kampuni ndogo za humu nchini ambazo biashara yake yote ni kuuzia sacco, shule na hospitali programu za hesabu na kuzihudumia. Hazina ofisi za vioo wala kahawa ya bure, na mara nyingi hazijulikani hata na wahadhiri.

Katika maeneo kama hayo, kazi ya kwanza huwa nadra kuitwa uhandisi wa programu. Huitwa usaidizi wa mifumo, ukaguzi wa ubora wa programu au huduma kwa wateja. Mhitimu mwenye kiburi hupita. Lakini aliyekaa mwaka mmoja akipokea simu za makarani wa sacco waliokwama huijua programu hiyo, hifadhidata yake na makosa yake kuliko aliyeiandika, na nafasi ya kuiandika inapotokea, ndiye anayefikiriwa kwanza.

Katika sekta ya umma ipo njia iliyo wazi zaidi. Mamlaka ya Teknohama husimamia Mpango wa Rais wa Vipaji vya Dijitali, ambao huwaweka wahitimu wa taaluma hizi kwa mwaka mmoja katika mashirika ya serikali na makampuni ya kibinafsi. Tume ya Huduma ya Umma, PSC, nayo huwa na mpango wake wa mafunzo ya kazini kwa wahitimu. Matangazo hutokea katika tovuti za taasisi hizo na katika gazeti la MyGov. Posho si ya kutajirisha mtu, ila mwaka huo huhesabiwa kuwa tajiriba, na hicho ndicho kinachotafutwa.

Nafasi nyingine hazifiki kwenye tangazo lolote. Mhandisi mkuu huwauliza wenzake kama wanamjua kijana anayefaa, na mambo huishia hapo. Si lazima huu uwe upendeleo. Ni uvivu wa kupitia maombi mia tano. Ndiyo maana mikutano ya watayarishaji programu, iwe Nairobi, katika Swahilipot Hub jijini Mombasa au LakeHub jijini Kisumu, ina thamani kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa anayekwenda kuonyesha alichokiunda badala ya kugawa wasifukazi. Wahenga walisema chema chajiuza. Katika soko hili, hata chema hakina budi kujitembeza.

Kazi inayoonekana

Iwapo kuna jambo moja linaloweza kuziba pengo la tajiriba, ni kazi iliyokamilika ambayo mwajiri anaweza kuifungua na kuitumia. Hapa wengi hukwama kwa sababu huonyesha vitu vilevile: kikokotoo, orodha ya shughuli za siku, tovuti ya hali ya hewa iliyonakiliwa kutoka kwenye somo la video. Mwajiri amekwisha kuviona mara mia. Havimwambii lolote, na tangu mashine zianze kuandika msimbo, vinamwambia hata kidogo zaidi.

Mfano wa kazi yenye uzito ni programu ya kuweka hesabu za chama cha akiba chenye wanachama 30. Kwa juujuu ni jambo jepesi. Safaricom ina mfumo uitwao Daraja, uliozinduliwa mwaka wa 2017, ambao huziwezesha programu za watu wengine kuwasiliana na M-Pesa, na una uwanja wa majaribio usiohitaji pesa halisi. Programu hutuma ombi, mwanachama huona ujumbe kwenye simu akitakiwa kuweka nambari ya siri, kisha Daraja hurudisha jibu kwamba malipo yamepita au yamekataliwa.

Ugumu huanzia baada ya hapo, na ndio unaomtofautisha mtu aliyefikiri na aliyenakili. Je, jibu la malipo hayohayo likifika mara mbili, mwanachama ataandikiwa michango miwili? Mtandao ukikatika baada ya mwanachama kuweka nambari ya siri, programu itajuaje kwamba pesa zilitoka? Mmoja ameandika simu yake kwa kuanza na 07, mwingine 01, mwingine +254. Mfumo utawatambua wote? Mweka hazina akikosea na kufuta mchango, je, kutabaki rekodi ya nani alifuta na lini? Na bibi wa Kitui asiye na simu ya kisasa atalionaje salio lake? Kwa swali hili la mwisho, Africa's Talking, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka wa 2010, huwawezesha watayarishaji programu kutumia SMS na menyu za nyota na reli, nayo pia ina uwanja wa majaribio.

Mhitimu anayeweza kuyajibu maswali hayo kwa programu inayofanya kazi, na kuyaeleza kwa ukurasa mmoja wa maandishi mepesi, huwa amekwisha kufanya nusu ya usaili kabla ya kuitwa. Msimbo wenyewe huwekwa GitHub, ambapo mwajiri anaweza kuona jinsi ulivyokua hatua kwa hatua. Tahadhari mbili zafaa hapa. Funguo za siri za Daraja na nywila za hifadhidata hazifai kuachwa ndani ya msimbo huo wa wazi. Ni kosa ambalo wakaguzi hulitafuta mapema. Aidha, majina, nambari za vitambulisho na simu za watu halisi zisitumiwe kama data ya majaribio, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwalinda, na taasisi za kifedha huliangalia jambo hilo kwa jicho kali.

Njia ya pili ya kupata tajiriba bila kuajiriwa ni kuchangia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Mkenya hana haja ya kwenda mbali. OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka wa 2004, ulitumiwa kwa mara ya kwanza Eldoret mwaka wa 2006, katika mpango wa tiba ya Ukimwi unaoshirikisha Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vingi vya afya humu nchini, imejengwa juu yake. Mchango wa kwanza unaweza kuwa kusahihisha maelezo au kosa dogo. Jambo kubwa ni kwamba msimbo wa mgeni hukaguliwa na wahandisi wazoefu hadharani, ukirudishwa mara mbili au tatu hadi unyooke, na huo ndio ukaguzi ambao mwanagenzi angeupata kazini.

Baadhi ya michango hiyo hulipiwa. Google Summer of Code, iliyoanza mwaka wa 2005, huwapa wachangiaji wapya posho kwa miradi ya namna hii, nayo Outreachy hutoa dola 7,000 za Marekani kwa mafunzo ya takriban miezi mitatu. Kazi hizo hufanyiwa nyumbani. Ushindani ni mkali, na wanaofaulu aghalabu ni wale walioanza kuchangia wiki nyingi kabla ya kutuma maombi.

Usaili

Wasifukazi wa mwanagenzi hautakiwi kuzidi kurasa mbili. Dini, hali ya ndoa na alama za shule ya msingi hazina kazi humo. Kiungo cha programu inayofunguka kina kazi. Orodha ya lugha kumi na mbili za programu humtia msaili hamu ya kuuliza kuhusu ile ambayo mwombaji anaijua kidogo zaidi. Bora ziandikwe mbili au tatu anazozimudu.

Usaili wenyewe kwa kawaida huwa na zoezi la kufanyia nyumbani, kisha kuketi na wahandisi kulieleza. Wengi huanguka katika hatua hii ya pili. Wamewasilisha msimbo safi ulioandikwa na mashine, na wanapoulizwa kwa nini mstari fulani uko pale ulipo, hunyamaza. Waajiri wengi hawajali kwamba mashine ilisaidia. Wanachojali ni kama mtu aliye mbele yao anaielewa kazi aliyoiweka jina lake. Kusema waziwazi kwamba jambo fulani halijui, kisha kueleza angelitafuta vipi, humpandisha mwombaji machoni pao. Hata hivyo, zoezi linalodai wiki mbili za kazi na kuishia kuwa bidhaa kamili si usaili tena. Ni kibarua bila malipo, na mwombaji ana haki ya kukataa.

Mkataba, makato na matapeli

Furaha ya kupata kazi isimfanye mhitimu atie saini asichokisoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio haupaswi kuzidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita iwapo tu mwajiriwa amekubali. Katika muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba au malipo ya siku hizo.

Baadhi ya kampuni huwaita vijana wakandarasi huku zikiwafanyisha kazi kama waajiriwa. Mkandarasi hukatwa asilimia 5 ya malipo kama ushuru wa zuio na kuachiwa mzigo wa mengine yote. Mwajiriwa hukatwa ushuru wa mapato, mchango wa hazina ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, huku mwajiri naye akichangia NSSF na ada ya nyumba. Mshahara unaoonekana mkubwa kwa mkandarasi unaweza kuwa mdogo baada ya hesabu.

Ipo nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Kwa muda mrefu, wahitimu walitakiwa kuambatisha vyeti vya Helb, Mamlaka ya Ushuru, polisi na tume ya kupambana na ufisadi kwenye kila ombi la kazi, jambo lililowagharimu pesa kabla hawajaonja mshahara. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti hivyo kabla ya kuwa na nia ya kumpa mhusika mkataba.

Anayedai pesa za usajili, sare, mafunzo au uchunguzi wa afya ili atoe kazi ni tapeli, hata akiwa na ofisi Westlands. Hatari kubwa kuliko hiyo inatoka mbali. Tangu mwaka wa 2022, serikali imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu matangazo ya kazi za kompyuta na huduma kwa wateja nchini Thailand, yenye mishahara minono na tiketi ya bure. Vijana waliokubali, wengi wao wasomi wanaojua Kiingereza na tarakilishi, walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakapokonywa pasipoti, wakafungiwa katika makambi na kulazimishwa kuwalaghai watu mitandaoni. Waliokataa walipigwa. Makundi ya Wakenya yaliokolewa huko kwa nyakati tofauti, yakiwemo ya mwaka wa 2025.

Mwombaji wa kazi ya ng'ambo anaweza kujihakikishia mambo mawili kabla ya kupanda ndege: kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na kwamba viza anayopewa ni ya kufanya kazi wala si ya utalii. Orodha ya mawakala walioidhinishwa hutolewa na mamlaka hiyo.